Kiti cha Pili

Saa kumi na mbili kasorobo jioni, Jicho alilifunga boksi la picha kwa kamba, akalikumbatia, akatoka kwenda kulirudisha kwa mwenyewe. Ilikuwa safari ya dakika kumi. Juu ya boksi, ndani ya bahasha, aliweka picha moja aliyoipiga mwenyewe, ambayo tangu asubuhi hakuthubutu kuitazama mara ya pili.

Jina la Jicho alipewa na bibi yake, aliyemlea, kwa kuwa tangu utotoni hakupitwa na kitu. Sasa alikuwa binti anayejifunza upigaji picha, na mwalimu wake alikuwa na sharti moja: chagua fundi mmoja unayemhusudu, uige picha zake kumi mpaka mkono uzizoee, ya kumi na moja ndipo utie cha kwako. Jicho alimchagua marehemu mwenye studio ya mtaa wa pili. Katika kila picha yake palikuwa na mtu mmoja ameketi kando ya dirisha, na karibu naye kiti kitupu kilichoipa kamera mgongo, kikitazama ukuta. Kila picha, kwa miaka thelathini.

Jicho aliuita mtindo.

Mjane wa fundi huyo alimwazima boksi la picha pamoja na kamera kubwa ya kizamani, inayotumia vipande vya filamu, kimoja kwa kila picha. Jicho akapata pakiti ya vipande kumi na viwili. Kisha akapima kila kitu kwa utepe: umbali wa kamera, kimo cha lenzi, nafasi kati ya viti. Wa kuketi alikuwa bibi, ambaye bega lake la kushoto lilishuka siku aliporudi kutoka kumzika dada yake, miaka arobaini iliyopita, na hakuna daktari aliyewahi kueleza kwa nini.

"Mjukuu wangu," bibi aliuliza, utepe ukimpita puani, "unanipiga picha au unanipimia jeneza?"

"Tulia, Bibi. Ukicheka itabidi nipime upya."

Kumi zilitoka salama. Ya kumi na moja, jana alasiri, Jicho akatia cha kwake: alikigeuza kiti kitupu kikaitazama kamera. Bibi alikitazama kiti, akamtazama mjukuu, akafumbua kinywa... akakifumba. Kamera ikalia. Chumbani ikapita harufu ya nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi.

Asubuhi aliisafisha picha hiyo bafuni, chini ya taa nyekundu. Ndani ya dawa lilijitokeza kwanza dirisha. Kisha bibi. Kisha kiti.

Kiti hakikuwa kitupu.

Mikono miwili imetulia juu ya mapaja. Gauni refu, la kike. Uso umeletwa mbele, umefifia, kama wa mtu anayejitahidi kumtambua aliye nyuma ya lenzi.

Mjane, ambaye alikuwa mshonaji na hupatikana nyumbani jioni tu, alimpokea akiwa na pini midomoni. Alipoiona picha, alizitoa pini moja moja, akazichoma zote kwenye mto wake mdogo. Ndipo akasema.

"Nani alikigeuza kiti?"

"Mimi, Mama. Nilidhani ni mtindo tu."

"Mtindo? Mume wangu alivaa shati la rangi moja tangu ananioa mpaka namzika." Hakucheka. Alishusha sauti. "Watu hawaji kupigwa picha peke yao, mwanangu. Wengine wamefuatana na mtu wasiyemwona. Yeye aliwapa hao pa kukaa, wakitazama ukuta. Picha ikiisha, kila mmoja anaondoka na wake."

"Na kikigeuzwa?"

"Anamwona mpiga picha. Akishamwona... harudi na aliyemleta."

"Kwa hiyo Bibi yangu..."

"Bibi yako hana neno. Sasa hana neno."

Mahali fulani ndani ya nyumba, bomba lilidondosha maji.

"Mume wangu alikigeuza mara mbili," mjane alinong'ona. "Mara ya kwanza hakujua. Mara ya pili alikuwa amechoka kumbeba aliyemfuata. Aliketi yeye, akaniomba mimi nibonyeze."

Hapo ndipo Jicho alipoona kwamba gauni la mshonaji huyo limekatwa chini zaidi upande mmoja, kulifuata bega lililoshuka.

Alirudi nyumbani mbio. Giza lilikuwa limeshaingia. Alipokimbia, harufu ile ilikimbia naye. Aliposimama...

Ilisimama.

Bibi alikuwa sebuleni, wima, mabega sawasawa, amekuwa mrefu kuliko Jicho alivyowahi kumjua. Kamera ilikuwa juu ya stendi yake. Viti viwili vilikuwa dirishani, na kile cha pili kimegeuzwa, kinaitazama kamera.

"Kaa hapo, mama," bibi alisema taratibu. "Leo nakupiga mimi. Nionyeshe tu pa kubonyeza."

"Filamu zimeisha, Bibi."

"Umepiga kumi na moja. Pakiti imeandikwa kumi na mbili, na cha mwisho ulikitia mwenyewe ndani ya kamera, nikikuona. Hilo jicho ulidhani umelitoa wapi?"

"Bibi, ulijua?"

"Ni wangu," bibi alinong'ona. "Nimeshamzoea. Wewe bado mchanga, atakuchosha. Kaa."

Jicho alitazama kiti alichowekewa. Hatua tatu tu. Bega lake la kushoto lilikuwa zito kana kwamba kuna mkono juu yake, mkono usio na haraka.

Alikipita kile kiti, akaenda moja kwa moja kwenye kamera. Akachomoa kipande cha mwisho, akakifungua chini ya taa, akakishikilia hapo mpaka alipokuwa na hakika kwamba mwanga umekiharibu.

Bibi aliketi kwa kishindo kwenye kiti cha kwanza, akafunika uso. "Mkaidi," alisema ndani ya viganja. "Mkaidi kama dada yangu."

Na kando yake, kwenye kiti cha pili, mbao zikalia polepole, kama zinavyolia mtu anaponyanyuka; kisha bega la kushoto la Jicho likashuka.