Jiwe Lenye Mstari Mweupe

Rafiki yangu Vuyiseka hufanya usafi kwenye nyumba ya likizo kando ya bahari, huko Pondo, kusini mwa Afrika. Asubuhi moja alikwenda kuzoa majivu uani, akakuta wageni wamezungushia moto wao mawe. Moja, lenye mstari mweupe, lilikuwa limepasuka vipande viwili. Alilijua. Baba yake alilitemea mate akaliweka kwenye rundo la mawe la njia panda siku alipokwenda machimboni, kama afanyavyo kila msafiri ili arudi salama. Hajarudi bado.

“Nani kayatoa haya kwenye rundo?” akamwuliza mgeni mmoja.

“Tulizungukazunguka jana na watoto,” mgeni akajibu. “Ni mawe tu, dada. Pwani nzima imejaa.”

“Na makaburi ya kwenu ni udongo tu?”

Vipande vilikuwa vizito. Akabeba kimoja, akapanda kilima hadi njia panda katika ukungu. Akakiweka juu ya rundo, akageuka kufuata cha pili.

Hakufika mbali. Nyuma yake jiwe liligonga jiwe, kisha mtu akakohoa, kile kikohozi kirefu cha wachimba madini.

“Baba?”



Akarudi. Kando ya kipande chake kilikuwepo cha pili, na mate mabichi yalikuwa yakichuruzika kwenye mstari mweupe.