Ilimba ya Mwalimu Sostenes

Kasha lilikuwa wazi, na ilimba haimo.

Inspekta Ruthu aliinama akatazama kitambaa chekundu ambacho hiyo marimba ya mkono ya Wagogo ilikuwa imelazwa juu yake. Mlango wa stoo ya kanisa la Msalato haukuvunjwa. Ufunguo ulining'inia msumarini, mahali ambapo kwaya nzima ilipajua. Wezi wa siku hizi wanahudumiwa vizuri, aliwaza.

"Tunaanza saa kumi," alisema Joel, mtunzi wa muziki, mikono kichwani. "Bila ilimba hiyo hakuna koncheto."

"Hakuna nini?"

"Utungo mfupi, Inspekta. Ilimba inaongoza, fidla zinaifuata. Nimeutunga kumuenzi marehemu Mwalimu Sostenes, na ilimba ilikuwa yake. Mjane wake ametoka Hombolo kuja kuisikiliza!"

Maskini, alikuwa karibu kulia.

"Nani aliigusa mara ya mwisho?"

"Mimi. Jana niliisafisha. Matundu yake yalikuwa na utando wa buibui. Nikaufuta, nikayaziba kwa nta. Ilikuwa inakoroma mno, fidla hazisikiki."

"Mazoezini alikuwepo nani?"

"Wapigaji wangu na Mama Penina, huyo mjane. Alinishukuru sana."

Koplo Makame alikuwa anatafuta alama za vidole kwenye kasha. Ruthu akainua macho. Kona tatu za dari zilijaa utando wa buibui. Ya nne ilikuwa nyeupe pee, na chini yake palikuwa na kiti chenye alama za kandambili kwenye vumbi.

"Makame, umewahi kuona mwizi anayefagia dari?"

"Bado, afande."

"Basi acha hilo kasha. Twende."

Nyumba ya wageni alimofikia Mama Penina ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Ruthu alibisha hodi, mlango ukafunguliwa. Mjane huyo alikuwa mwalimu mkuu wake wa shule ya msingi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Ruthu. Funga kifungo cha kola."

Ruthu akafunga. Makame alitazama pembeni asicheke.

"Mwalimu, ilimba iko wapi?"

"Ipo."

"Nani aliichukua?"

"Mimi."

Aliitoa chini ya kanga. Nta yote ilikuwa imekwanguliwa. Matundu mawili yalikuwa na utando mpya. La tatu lilikuwa wazi.

"Utando wa hapa umenichanikia. Ningekwisha kuirudisha."

"Kwa nini hukumwambia Joel?"

Mama Penina alikaa kitandani.

"Kijana wa watu ametunga kwa heshima, ananiuliza mbele ya wenzake kama nimependa. Ningesema nini? Nilishukuru, kama mtu anavyoshukuru chakula kisicho na chumvi. Halafu nikaja humu nikalia. Sostenes alihangaikia mkoromo ule wa utando maisha yake yote. Kwetu ilimba isiyokoroma ni bubu. Jana nilikaa pale kumsikia mume wangu, nikasikia sauti ya mtu mwingine. Nikawa mjane mara ya pili."

Katika mafunzo ya Ruthu hakuna aliyemwambia namna ya kumkamata mtuhumiwa wa aina hii.

"Nilidhani ni uchafu," sauti ilisema mlangoni. Joel alikuwa amewafuata. "Mama, nisamehe."

"Na mimi nimekuibia, baba. Njoo ushike hapa."

Joel alipiga magoti akaishika. Mama Penina alilamba kidole, akabandika utando kwenye tundu la mwisho, kisha akabonyeza ulimi mmoja wa chuma. Chumba kizima kikakoroma.

"Fidla zako zitafunikwa," alisema.

"Nitaziambia zishushe sauti," Joel alijibu, machozi na kicheko pamoja.

Saa kumi ukumbi ulijaa. Ilimba ilipoanza, fidla ziliifuata kwa mbali, kwa adabu. Makame aliinama sikioni kwa Ruthu.

"Afande, mlalamikaji ameondoa malalamiko. Kwenye jalada niandike nini?"

Mama Penina, aliyeketi katikati ya safu iliyokuwa mbele yao, aligeuka na macho yale yale ya mwalimu mkuu.

"Nyamazeni," alisema. "Mume wangu anaongea."