Mgeni wa Kushoto

Haya yaliwapata watu tunaopakana nao ukuta, na aliyeyasimulia ni msichana mwenyewe, akiwa na akili zake timamu. Asiyetaka kuamini asiamini, halazimishwi mtu hapa.

Mtaa mzima ulimwita Sinema. Jina la kuzaliwa analo, lakini tangu ana miaka sita alikuwa akimwiga kila aliyepita mlangoni kwao: mwalimu mkuu na suruali yake inayoteremka, fundi viatu na kikohozi chake, hata shangazi yake anavyolia msibani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha waliondoka na wasiwasi kidogo, maana alipatia mno.

Siku mambo yalipoanza ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Sinema yuko kazini kwenye duka la fotokopi na picha za pasipoti, mashine imepata moto, mteja mmoja analalamika kwamba picha imemzeesha. Mfukoni alikuwa na barua. Chuo cha uigizaji kilimwita kwenye usaili, Alhamisi ya wiki ya tatu. Alikwishajaribu mara mbili akashindwa, na chuo kile hakipokei aliyetimiza miaka ishirini na mitatu. Yeye angetimiza mwezi uliofuata. Ilikuwa nafasi yake ya mwisho, na aliitaka mpaka chakula kikawa hakimshuki.

Barua ilidai vitu viwili. Kwanza, maneno ya kukariri, na hayo aliyajua nje ndani. Pili: "Tuletee mtu wa kweli uliyemchunguza kwa macho yako. Dakika tatu." Hapo ndipo alipoangushwa mara zote mbili. Wasaili walimwambia anachekesha sana, ila mtu mwenyewe hayumo ndani.

"Hayumo ndani maana yake nini?" mama yake aliuliza. Mama alikuwa fundi cherehani, amemlea peke yake kwa sindano na uzi, na habari za uigizaji alizoea kuzisikiliza akiwa na pini mdomoni ili asilazimike kujibu. Siku hiyo alizitoa. "Ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba, mwanangu."

"Simwigi tembo, mama. Namwiga mtu."

"Ndiyo nakwambia. Afadhali tembo."

Mtu mwenyewe alimpata ng'ambo ya barabara. Mbele ya ofisi ya maji kulikuwa na benchi refu la mbao, la watu sita, na kila siku saa tatu asubuhi mama mmoja wa makamo alikuja akaketi katikati yake. Hakuwa na bili wala malalamiko. Kila baada ya dakika chache aligeuza kichwa kushoto, akanong'ona kitu, akakusanya gauni lake, akasogea kidogo kulia. Akatulia. Baadaye tena. Kufika saa sita alikuwa ukingoni kabisa, amekalia paja moja, na benchi lote lililobaki ni tupu. Ndipo aliposimama akaenda zake. Waliokuja kulipia maji walisimama juani. Hakuna aliyekaa pale, na ukiwauliza kwa nini, walikuangalia tu.

Mtu mwingine angejiuliza. Sinema alijiona ameokota dhahabu.

Kwa siku kumi na moja alimchunguza kupitia dirisha la duka, na jioni alifanya mazoezi nyumbani, chumba cha mbele palipo na cherehani, kwenye benchi wanalokalia wateja wa mama. Alipata shingo. Alipata vidole vinavyokusanya gauni. Lakini hata yeye aliona kwamba mtu hayumo. Kilichokosekana ni midomo. Basi Ijumaa alivuka barabara, akajifanya anamtafuta mlinzi, akasimama hatua tatu nyuma ya yule mama. Yalikuwa maneno mawili tu.

"Karibu. Kaa."

Alirudi dukani anacheka. Alitegemea kitu kizito zaidi.

Jumamosi alasiri mama alitoka kwenda kununua uzi. Sinema akafunga mlango, akaketi katikati ya benchi, akavuta pumzi. Akageuza kichwa kushoto. "Karibu. Kaa." Akakusanya gauni, akasogea kulia.

Benchi likalia.

Si upande wake, upande wa pili. Benchi lile lina mguu mmoja mfupi, na mteja mnene akikaa kushoto hulia hivyohivyo na kuinama. Sasa lilikuwa limeinama. Msichana mwenye akili za kawaida angekimbia. Huyu alifurahi. Alijiambia leo mtu yumo ndani, hiki ndicho kipaji walichokuwa wakikitafuta wale wasaili. Akarudia. Akarudia tena. Mama aliporudi alimkuta ukingoni mwa benchi, amelowa jasho, anatabasamu.

"Mgeni wako yuko wapi?" mama aliuliza akivua viatu.

"Mgeni gani?"

"Nimekusikia dirishani unakaribisha mtu." Mama akaweka kiganja kwenye mbao, upande wa kushoto, akakiondoa haraka. "Mbona pana joto?"

Jumatatu, mama wa benchi la ofisi ya maji alikaa katikati, miguu ameinyoosha, mikono ameitandaza kwenye egemeo. Alikuwa akipiga soga na mlinzi. Saa nne ikapita, saa tano ikapita, hakusogea hata inchi moja. Alipoinua macho akamwona Sinema dirishani, kicheko kilimkauka. Akavuka barabara, akaingia dukani, akasubiri mteja wa mwisho atoke.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alinong'ona, "Ni wewe uliyesema?"

"Nilisema nini?"

"Mwanangu, usinizungushe. Ulisema?"

Sinema akaitikia kwa kichwa. Yule mama akafumba macho.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Mimi nilikuwa namwigiza mama mkwe, nawachekesha mawifi. Nilikuwa sijui. Nisamehe, lakini sikukutuma."

"Ni nani?"

"Simjui. Anataka nafasi, basi. Wewe msogezee."

"Nikikataa?"

"Atakaa hapohapo ulipo."

"Anaondokaje?"

"Akikaribishwa na mwingine. Kwa kinywa chake na kwa mwendo huohuo, hata kama anaigiza tu." Yule mama akatazama kiti kilichokuwa kushoto kwa Sinema. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Hajaonekana tena pale kwenye ofisi ya maji, wala mlinzi hajui alikohamia.

Sinema alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Aliketi, na upande wake wa kushoto ukapata joto, kama mtu amekaa karibu nawe ana homa. Akasogea. Joto likamfuata. Akasogea tena. Nyumbani alikula amesimama, mama akamwambia anakula kama mtu anayedaiwa. Kitandani alilala upande wa kulia. Alipoamka alikuwa sakafuni, na shuka kule juu lilikuwa limetandikwa vizuri.

Jumanne alikataa.

Alikaa kwenye kiti cha kazi, akashika meza kwa mikono miwili. Sisogei, alisema moyoni. Joto likaja. Hakusogea. Kisha uzito. Kwanza pajani. Kisha kwenye mbavu. Pumzi ikawa fupi. Kitu kilikuwa kinakaa. Hakikuwa na haraka. Kikapanda kifuani. Kikafika kooni. Akauhisi ulimi wake ukisogea mdomoni, taratibu, unapapasa meno moja moja. Na hakuwa akiusogeza yeye.

Aliruka, kiti kikaanguka. Mteja aliyesubiri picha alimwuliza kama ana kifafa.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kwenye usaili kuna msaili mmoja hodari wa kusahihisha. Kila mwaka humkatiza mtu, husema sivyo, tazama hivi, na kuigiza mwenyewe. Angeigiza. Angesema. Ingekuwa imekwisha. Sinema alilipenda wazo hilo kwa muda wa dakika nzima, kisha akajichukia, kisha akalipenda tena. Alikuwa na hofu, na mwenye hofu hana haya.

Jumatano jioni alishindwa kuvumilia. Akamweleza mama kila kitu, amesimama katikati ya chumba, analia kama mtoto. Mama alisimamisha cherehani. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye mto wake.

"Anakaa upande gani?"

"Kushoto. Mama, huniulizi kama nina wazimu?"

"Mbao niliishika mwenyewe. Maneno ni hayo mawili tu?"

"Usiyatamke!"

"Nitamke nini mimi? Mimi fundi. Nionyeshe hicho kichwa. Bila maneno."

Sinema akaonyesha. Kichwa, vidole, gauni, kusogea. Mama akataka tena, polepole. Alitazama jinsi anavyotazama mshono wa fundi mwingine anaotaka kuunakili. Akauliza ni bega lipi linatangulia. Akauliza macho yanatazama wapi, juu au chini.

"Chini," alisema Sinema. "Nilishangaa hata mimi. Anatazama chini."

Mama akafunika cherehani. "Haya. Kesho kafanye mtu mwingine."

"Nani? Mama, ni kesho! Simjui mtu mwingine."

"Miaka ishirini na miwili unaishi na mtu nyumba moja, humjui?"

Sinema alifuta machozi. Hakuwa amewahi kulifikiria hilo. Kabla hajajibu, mama alikuwa ameshaanza kukunja vitambaa. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nenda kapumzike."

Asubuhi mama alimsindikiza hadi mlangoni, akamfunga kifungo cha juu, akamshika shavu. Akarudi ndani haraka kuliko kawaida. Sinema alisikia komeo likisukumwa, akadhani mama hataki wateja wa mapema.

Ukumbi wa usaili ulikuwa mtupu, una stuli moja katikati na wasaili watatu nyuma ya meza. Wenzake wote walisubiri kwa kukaa. Yeye alisimama saa mbili nzima. Alipoitwa alisema maneno yake ya kukariri vizuri tu. Kisha akaambiwa, "Sasa mtu wako." Alitazama stuli. Akakaa.

Joto halikuja.

Akasubiri. Upande wa kushoto palikuwa na ubaridi wa ukumbi, basi. Nusura acheke kwa sauti. Akashukuru Mungu, akadhani limekwisha kama lilivyoanza, akaanza kumwigiza mama yake. Akatia uzi kwenye sindano isiyokuwepo. Akaweka pini mdomoni. Akamsikiliza binti anayeropoka kuhusu uigizaji, asimjibu, huku mguu unaendesha cherehani. Dakika ya kwanza ikapita. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa anaiga. Aliusikia mgongo wa mama unavyouma. Alimwona huyo binti kwa macho ya mama, amesimama katikati ya chumba, analia, hana pa kukaa. Na ndani ya dakika ya pili, akiwa yeye ndiye mama yake, alijua kabisa kitu ambacho mama angefanya mlango ukishafungwa.

Mikono ilisimama hewani. Pini zisizokuwepo zikamtoka mdomoni. Akatoa sauti ambayo hakuipanga.

Wasaili hawakusogea. Yule hodari wa kusahihisha alikuwa ameinua kidole, akakishusha. "Mara hii yumo ndani," alisema. "Binti, umepata. Karibu chuoni."

Sinema alikuwa ameshafika mlangoni, mkoba ameuacha.

Alikimbia njia nzima. Komeo lilikuwa limefunguliwa. Mama alikuwa chumba cha mbele, amekaa kwenye benchi la wateja, si kwenye cherehani. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, upande wa kulia, kwa paja moja. Juu ya magoti alikuwa na kitambaa cheusi anachokishona kwa mkono.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Nilijua." Mama alitabasamu, akauma uzi kwa meno. Sinema alipopiga hatua, mama akainua mkono. "Usikae hapo."

"Mama. Ulisema?"

"Nilikuwa naigiza. Wewe unadhani hicho kipaji umekirithi kwa nani?"

Sinema akaanguka magotini. Akamwambia atayasema tena, sasa hivi, amrudishe kwake. Mama akambana mdomo kwa kiganja, kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia juu yake. Kiganja kilikuwa cha moto.

"Wewe nenda shule," alinong'ona. "Mimi nimezoea kubanana. Halafu mwenyewe si mbaya. Anasikia baridi tu, hana nguo." Akageuza kichwa kushoto, akatazama chini. Akakusanya gauni lake. Hakukuwa na pa kusogea tena, akasimama, akaendelea kushona wima.

Sinema anasoma mwaka wa pili sasa. Wanasema ni hodari, na kwamba hakubali kumwigiza mtu yeyote aliye hai. Mama yake tunamwona kila siku dirishani, anashona amesimama. Wateja nao hawakai siku hizi, huacha vitambaa mlangoni.

Daftari la vipimo analiacha wazi juu ya meza, na tumeliona sisi wenyewe. Kwenye ukurasa wa siku ile ya usaili hakuna jina la mteja. Kuna mwandiko wa mama, umenyooka, hautetemeki. Kimo, inchi ishirini na tisa. Bega kwa bega, inchi saba. Mkono, inchi arobaini na moja. Pembeni ya kipimo hicho cha mkono pana alama ya vema mara tatu, maana alikipima mara tatu, na kila mara kilitoka hivyohivyo.