Jina la Mwenye Kisima

Ndoo ilianza kusikika nyumbani kwa Kadzo Jumanne, adhuhuri: kamba ikikwaruza ukingo, maji yakichuruzika. Na kwa Kadzo hakuna kisima.

Bi Hindu, jirani yake, aliisikia na mwiko ukamtoka mkononi. Alijua.

Wiki moja nyuma, mwaka huo wa 1984, Abdulhalim alifika Sabaki na daftari, akiandika asili ya majina ya mahali kwa ajili ya ramani ya kale. Kisima cha vichakani watu hukiita Kwa Mwenyewe, basi. Mwenyewe ni jini. Jina lake halitamkwi. Kulitamka ni kumwalika. Wazee wote walijifanya hawajui. Bi Hindu alijua, na ulimi ukamwasha.

Akamtajia.

"Ahsante, bibi. Niandike nani kanieleza?"

Hapo ujuvi ukamwishia. "Andika Kadzo, mke wa Thoya. Nyumba ile."

Kadzo huyohuyo aliyemuuguza yeye homa mwezi mzima, akimnywesha uji kwa kijiko. Lakini Bi Hindu chuoni kwa Kurani hakuvuka juzuu ya kwanza. Karatasi kwake ilikuwa ya kufungia njugu. Jini gani asomaye daftari?

Ijumaa Kadzo hakuinuka. Nywele zilimtota, akinuka tope la kisimani, na midomo imempasuka kwa kiu.

"Aniuliza nimemwitia nini," alinong'ona. "Nami sikumwita, Bi Hindu."

"Nyamaza, mwanangu. Ni homa."

Thoya akamleta mganga Kenga. Kenga hata chetezo cha ubani hakukiwasha.

"Huyu mgeni hana kosa. Kaitwa, kaja. Aliyemwita na aseme, aondoke naye. La sivyo mkeo hafiki magharibi."

Kamba ikaanza kukwaruza, si nje tena bali chini ya kitanda, taratibu, kama mtu asiye na haraka, na Bi Hindu akatazama mlango, akapiga hesabu ya hatua za kufika kwake, akaona pale dirishani kile kijiko cha uji, na kamba ikipanda, ikipanda, na Kadzo akifumbua kinywa kama samaki, hata maneno yakamtoka Bi Hindu kabla hajayaruhusu.

"Ni mimi. Nilisema mimi, nikaandikisha jina lako, Kadzo."

Ndoo ikanyamaza. Kadzo akaomba maji, akanywa, akageukia ukutani.

Hakuna aliyemuaga Bi Hindu. Kizingiti chake alikikuta kimelowa, na ndani kamba ikikwaruza. Akavua makubadhi, kama kila siku.

"Starehe," alisema. "Nilikuita mimi."