Moshi wa Chechelesi

"Usitazame moto," mkuu wa Gaceri alimwambia kwenye Thuraya, simu ya setilaiti. "Tazama moshi."

Simu ikakatika.

Saa nne asubuhi, tanuri la taka, Chechelesi. Tani mbili za dawa bandia ya kikohozi cha watoto, iliyokamatwa ikiingizwa nchini kwa magendo, zingeteketezwa mbele ya maafisa. Dawa ile iliharibu figo.

Jasusi Gaceri alikuwa juu ya kilima, mita mia tatu hivi, amevaa jaketi la mpima ardhi. Ndani ya darubini yake ya upimaji mlifichwa leza mbili, ya kijani na nyekundu.

Chini, Kuria, mkandarasi wa uteketezaji, aliwaomba watu wafumbe macho. Akasali kwa sauti nzito, akiwaombea watoto wa nchi hii.

Gaceri hakufumba macho. Aliona lori, Isuzu nyeupe, likitoka kwa lango la nyuma.

Maboksi yakatupwa motoni. Moshi ukapanda.

Akawasha leza.

Chupa za plastiki za dawa zikiungua hutoa masizi laini mno, na masizi laini hutawanya mwanga wa kijani zaidi kuliko mwekundu. Skrini ya darubini ilionyesha rangi zote mbili zikirudi karibu sawa. Chembe nene. Jivu la vijiti na majani makavu.

Walikuwa wakichoma takataka, pengine za miraa, si dawa.

Akabonyeza redio, akamwita mwenzake aliyekuwa kizuizini barabarani.

"Gichunge. Isuzu nyeupe inakuja kizuizini kwako. Pakua kila kitu."

Dakika ishirini zilipita.

"Juu magunia ya unga," Gichunge alijibu. "Chini chupa za dawa, zote. Dereva anasema kesho zingegawiwa wafugaji kule Biliqo."

Gaceri aliteremka, bastola ya Glock chini ya jaketi, askari wawili nyuma yake. Kuria alikuwa akipigwa picha pamoja na maafisa.

"Madam wa ardhi, umekuja kupima shamba ama moshi?" Kuria aliuliza.

"Moshi."

Akamwonyesha kitambulisho, akamweleza lori liko wapi. Kuria hakukana. Alishusha sauti.

"Madam, skiza. Hao ni watu wa mbali. Mtoto akifa huko, nani anaandika?"

Gaceri alimtazama kama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu. Akawapa askari ishara. Pingu zikalia.

Afisa mkubwa akamnyooshea mkono kumpongeza. Mkono wake wa kushoto ulishika cheti cha uteketezaji, chenye sahihi yake mwenyewe na saa aliyotia: saa tatu, kabla hata ya moto kuwashwa.

Gaceri alichukua cheti, akakitia kwenye bahasha ya ushahidi.

Mkono wa afisa akauacha hewani, akaenda kukunja darubini yake.