Aliyesikiliza Saa Sita

Kiti kilikuwa na joto.

Houda aliweka kiganja juu ya mto wa kitenge, akakiondoa, akakiweka tena. Ofisi alikuwa ameifunga mwenyewe saa sita alipokwenda kula, ufunguo ukabaki mkobani mwake, na sasa ndiyo kwanza alikuwa akiingia. Lakini kiti wanachokalia wanafunzi kilikuwa na lile joto la mtu aliyekaa muda mrefu akainuka hivi punde. Na chumba kilikuwa kinanuka kidogo, kama nguo zilizokunjwa zikiwa mbichi. Alifungua dirisha, akajiambia ni jua la Bujumbura tu, hilo halikosi pa kupenya.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Chuo kikuu kimoja cha watu binafsi, upande wa Carama, kilimwajiri akae na wanafunzi waliolemewa, na kwa chuo kizima alikuwa yeye peke yake. Mwaka huo mambo yalikuwa yamezidi. Mitihani iliahirishwa, ikaahirishwa tena, kisha ikarundikwa yote pamoja. Mafuta ya magari hayakupatikana, kwa hiyo vijana wa mitaa ya Kinama na Bwiza walikuja kwa miguu alfajiri, wakarudi kwa miguu giza likiingia, na wakifika nyumbani wanafungua tena vitabu. Wengi hawakuwa wanalala. Waliingia kwa Houda, naye aliuliza kidogo, akanyamaza sana, na kila aliyetoka alitoka ameshusha pumzi. Jioni yeye ndiye aliyerudi Bwiza na mabega mazito, akapika, akala, akalala bila kumwambia mtu neno.

Siku ile ile ya kiti, alipokuwa akitoka, alikutana na Bonfils kwenye korido. Alikuwa kijana wa mwaka wa pili, mpole, mwenye kuogopa hesabu.

"Madamu, asante ya jana," alisema.

Jana yake Houda alikuwa amelala kwake Bwiza, malaria imemshika.

"Jana gani, Bonfils?"

"Ile mambo ulinambia. Nimefuata yote. Sijakula tangu vile tulionana." Alisema kwa fahari, na Houda akaona jinsi mashavu yake yalivyobonyea. "Ulisema tumbo ikijaa, kichwa inalala. Ukasema nisimwambie baba, atanionea huruma ya bure. Umesahau? Ilikuwa saa sita, watu wote walikuwa wameenda kula."

"Mi sikukuja jana."

Bonfils alimtazama, tabasamu likabaki usoni bila kazi. "Ilikuwa sauti yako, Madamu. Na kitambaa yako, hii ya kijani."

Houda alimshika mkono, akampeleka kantini, akamwagizia maharage na chai, akakaa mbele yake mpaka sahani ikaisha. Alijiambia kwamba kichwa kisicholala huona mengi, na chenye njaa huona zaidi. Lakini alipofika nyumbani aligundua kwamba kile kitambaa cha kijani amekivua kichwani tangu njiani, na amekikunja mkononi kama kitu cha mtu mwingine.

Kesho yake aliingia Chanelle.

Houda alimjua vizuri. Alisoma sheria, mwaka wa mwisho. Mama yake, mjane wa Kinama, aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni na kumsomesha kwa hizo ndagala. Wiki zote alikuwa akija analia. Siku hiyo alikuja anacheka, ametulia, amesuka nywele upya, na utulivu ule ulimwogopesha Houda kuliko machozi.

"Nimeshaaga, Madamu," alisema.

"Umeaga nani?"

"Rafiki zangu. Sawa vile ulisema." Alizungumza taratibu, kama anayesoma somo alilolikariri. "Ulisema mi ni muzigo kwa mama, na kama mutu anakupenda unamtua muzigo. Kesho saa sita nitakuja, utanionyesha fasi, pahali ya kupumzika."

Houda aliinuka. Alipiga magoti mbele ya kiti, akamshika binti mikono yote miwili.

"Chanelle. Nisikilize. Ile si mimi. Sijawahi kukwambia maneno hayo, wala siwezi."

Tabasamu lilimtoka Chanelle. Akavuta mikono yake polepole, akasimama, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, macho yamemtoka.

"Ulinambia," alinong'ona. "Ulinambia kuna siku utakuja kujikana. Ukasema siku hiyo nisikusadiki."

Akakimbia. Houda alimfuata mpaka uwanjani, lakini wanafunzi walikuwa wanatoka kwenye mtihani, uwanja umejaa, na binti akapotelea humo. Simu yake ilizimwa. Houda alitembea mpaka Kinama, akamkuta mama yake akianika samaki, akamweleza yale yanayoweza kuelezwa: kwamba mtoto yuko katika hatari, asiachwe peke yake akionekana. Walizunguka pamoja kwa kila rafiki waliyemjua. Hayupo. Jua lilipozama, Houda alikuwa mlangoni kwa shangazi yake Mwantum, huko Bwiza.

Bi Mwantum alikuwa mganga wa visomo. Wanawake wa dini zote walimletea watoto wasiolala. Alisikiliza mpaka mwisho, tasbihi ikiwa imesimama kati ya vidole.

"Anakuja saa sita?" aliuliza. "Saa sita ya mchana?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Basi ni mubaya. Jini ya usiku inatisha watu, wanakimbia. Ile ya mchana inazoea watu." Alianza tena kuvuta tasbihi. "Kile chumba, watu wanakuja kila siku wanamwaga huzuni yao. Nani anafagia?"

"Mimi nawasikiliza."

"Nasikia. Na ya kwako, mutoto yangu, unamwaga wapi?"

Houda aliitazama mikono yake. Shangazi yake hakumkazia.

"Kesho nitasoma," alisema Bi Mwantum. "Lakini ile kitu imevaa uso yako. Kisomo inafukuza jini, haiwezi kumwambia mutoto wewe ni yupi. Hapo ni kazi yako."

Usiku kucha Houda na mama mtu walimtafuta Chanelle, wakamkosa.

Siku ya pili, watu walipotawanyika kwenda kula, wanne waliingia korido ile: Houda, Bi Mwantum, mama yake Chanelle aliyekuwa bado na harufu ya samaki mikononi, na Bonfils aliyekataa kabisa kubaki nje. Korido ilikuwa tupu. Hakukuwa na upepo, mahali popote hapakusikika mlango, na ile harufu ya nguo mbichi ilikuwa imesimama hewani nzito kiasi cha kuhisiwa ulimini. Kisha Houda akasikia sauti yake mwenyewe.

Ilitoka nyuma ya mlango wa ofisi yake, tamu, ya upole, ile anayoitumia kwa walioumia sana, na ilikuwa inasema usiogope binti yangu hakuna kitakachokuuma umechoka na wewe mwenyewe unajua umechoka mama yako naye amechoka hatakwambia lakini amechoka na hao rafiki wameshakuzoea hupo na mtihani utapita bila wewe na jua litachwa bila wewe basi kuna haja gani ya kurudi kule nje kwenye kelele njoo karibu njoo karibu zaidi, na Houda, akiwa amesimama pale na ufunguo mkononi, akatambua kitu kilichomsimamisha nywele, kwamba maneno yale yalikuwa yanakwenda na kwenda na kwenda na hakuna hata mahali pamoja ambapo aliyeyasema alivuta pumzi.

"Mungu wangu," alinong'ona mama wa Chanelle. "Madamu, si ni wewe uko hapa?"

Ufunguo ulizunguka, mlango haukusogea. Kulikuwa na uzito umeuegemea kutoka ndani. Bonfils alitia bega, mama akatia bega, Bi Mwantum akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na mlango ukaachia ghafla, wakaangukia ndani.

Chanelle alikuwa amekaa kwenye kiti, macho wazi, midomo imekauka. Mbele yake, goti likigusa goti, alikaa Houda.

Kitambaa kile. Gauni lile. Hata kovu dogo la kidevuni. Yule aliyekaa aligeuza uso taratibu, akatabasamu, na midomo yake ikachelewa kidogo kuifuata sauti.

"Ulisema umechoka," alimwambia Houda. "Hapa hapa, peke yako, ulisema laiti mwingine angekusikilizia. Nimekupokea kazi."

Houda alikumbuka. Alilisema hilo mchana mmoja, kichwa kikiwa juu ya meza.

"Chanelle, toka hapo!" alipiga kelele mama.

"Chanelle, usiwasikilize," ilisema sauti. "Nilikwambia watakuja."

Binti alitazama Houda huyu, akatazama yule, akaanza kulia bila sauti. Houda alitaka kujitetea, kuapa, kumvuta kwa nguvu. Akakumbuka neno la shangazi yake kuhusu kazi. Basi akakaa chini, sakafuni, mbali kidogo, akasema:

"Chanelle, usiku wa jana ulilala wapi?"

Kisha akanyamaza.

Yule mwingine hakunyamaza. Alianza kujibu kwa niaba ya binti, alilala salama alilala vizuri hana haja ya kuulizwa, akaongeza kasi, maneno yakapandana, na Houda akaendelea kunyamaza akimtazama mtoto, na Bi Mwantum akaendelea kusoma, na jasho likawa linamtiririka mama shingoni, na joto la chumba likapanda mpaka ukuta ukaanza kutoa maji.

"Kanisani," alisema Chanelle mwishowe. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeamshwa. "Kwenye benchi ya inje. Nilisikia baridi." Aligeukia ile sura iliyokaa mbele yake. "We hujawahi kuniuliza kitu. Hata siku moja."

"Na mi hakuniuliza," alisema Bonfils. "Aliniambia tu nife njaa na ninyamaze."

"Mi sijachoka na wewe," alisema mama yake Chanelle, akajikokota mpaka kwenye kiti akamkumbatia binti miguu. "Chanelle. Muzigo gani? Muzigo gani, mwanangu?"

Uso ule ulianza kulegea. Kovu lilihama kidevuni likaenda shavuni. Sauti ikazidi kukonda, ikawa kama ya mbu, bado inasema, bado haivuti pumzi, na Bi Mwantum akanyanyua kisomo mpaka kikajaa chumba, na vioo vya dirisha vikatetemeka vyote kwa pamoja, na kitu kikampita Houda usoni, chenye unyevu, kikamkwangua koo kama ukucha. Halafu korido ikasikika. Mtu alikuwa anacheka mbali, uwanjani. Kiti cha Houda kilikuwa kitupu.

Jioni hiyo hiyo walimpeleka Chanelle kwa daktari, mama yake ameshika mkono mmoja, Houda ameshika wa pili. Alitibiwa, alilala siku nyingi, alirudi kwenye mitihani ya marudio akafaulu masomo mengine akashindwa mengine, na hakuficha. Bi Mwantum alimwekea Houda siku yake ya kuja kuzungumza, kila Ijumaa baada ya sala, na Houda alikwenda. Chuo kiliajiri msikilizaji wa pili, na mchana mlango wa ofisi ile haufungwi tena; wanafunzi hula chakula chao humo, wakigombania viti.

Lakini sauti ya Houda haikurudi yote. Ilibaki ya kunong'ona, nyembamba, kama iliyogawanywa. Madaktari walitazama koo lake wasione kidonda. Wanafunzi wamezoea kusogeza kiti karibu ili wamsikie, na wapo wanaosema kwamba hilo linawasaidia.

Nusu ile nyingine iko wapi, na saa hizi inazungumza na mtoto wa nani, Houda hapendi kuulizwa.