Kumbikumbi wa Uani kwa Karangwa

Mvua ilipokatika, kumbikumbi walitoka ardhini makundi kwa makundi, kama ilivyo desturi yao huko msitu wa Walikale, wakazivamia taa zote za kambi ya mgodi. Kila uani palikuwa na mwanamke na beseni la maji, akiwakinga kwa ajili ya kikaango. Uani kwa Karangwa tu ndiko mambo yalikwenda kinyume. Taa yake iliwaka juu ya nguzo, nyeupe na safi, na hakuna hata mdudu mmoja aliyeigusa. Wote walikuwa chini, wamefunika udongo penye shina la nguzo, wakipandana.

"Kumbikumbi haiko mujinga," alisema mkewe, Athanasie, ameshika beseni lake tupu. "Inaendaka tu penye moto iko."

Karangwa alijichekesha. Yeye ndiye aliyekuwa fundi umeme wa kambi, na nguzo zote za taa za nyua alizisimika yeye, mwaka ule wa 1954. Ya kwake ilikuwa ya mwisho, na haraka haina baraka. Waya wa kuteremsha umeme ardhini ulihitaji chuma kirefu kilichopakwa shaba, na kila alipokipigilia kiligonga mwamba. Pembeni akaona mche wa majani mekundu. Kwao Masisi miche ya namna hiyo hupandwa kuzunguka boma la ng'ombe, basi akadhani ni mabaki ya ua wa boma la mtu wa zamani, akaung'oa. Hapo chuma kiliingia bila nyundo, kana kwamba kuna mtu chini anakivuta.

Tangu siku alipokipigilia chuma kile, mtoto tumboni mwa Athanasie hakucheza tena. Mimba mbili zilikwisha kuharibika walipokuwa wakiishi Kashuga, na hii, ya kwanza kufika ukubwa ule, ndiyo iliyowafanya wacheke tena nyumbani. Sasa Karangwa aliweka kiganja tumboni kwa mkewe kila asubuhi na kungoja. Athanasie aligeuza uso ukutani ili asione macho ya mumewe.

Kisha taa ikaanza kukataa kulala. Mashine ya umeme ilizimwa, kambi nzima ikaingia giza, lakini ya Karangwa ikaendelea kuwaka. Alitoka na koleo, akapanda ngazi, akaukata waya unaotoka kwenye mashine, na huku ncha ya waya uliokatika ikining'inia mkononi mwake taa ikazidi kung'aa, na ndani ya nguzo akasikia sauti ya mwanamke akibembeleza mtoto kwa mdomo uliofumbwa, na harufu ya maziwa ya mama ikapanda kutoka udongoni, nzito, ya joto, mpaka akashuka ngazi nusu akianguka, akilitaja jina la Bikira Maria bila kujua kwamba analitaja.

Alikimbilia kwa Mama Léontine, mkunga, Mkristo wa msituni ambaye hakuyatupa ya mababu. Mama huyo alikuja na taa yake ya mafuta. Alipouona mche umenyauka kando ya nguzo, alisimama kabla ya kufika.

"Papa Karangwa, nani alikuambia ungoe ile muti?"

"Nilizania ni lupango ya zamani, Mama."

"Ni kaburi. Tulizika hapa mwanamuke mwenye alikufa na mimba yake. Jina yake hatuitaje." Alishusha sauti. "Muzimu ni muntu mwenye alizimika, Papa. Weye ulimuwasha."

"Anataka nini kwangu?"

"Kuzaa. Njo kitu alikosa."

Karangwa alilia waziwazi, mwanaume mzima. Alisema wachukue nyumba, wachukue kazi, wamwachie mtoto tu.

Mama Léontine alinyunyiza majivu, akasali Salamu Maria, kisha akanong'ona kwa lugha ya msituni. "Kamata ile chuma, vuta. Hata uitwe na nani, usiitike."

Alivuta. Chuma kilikuwa na joto la mwili wa mtu, na kilipoanza kutoka akasikia Athanasie akimwita, si kutoka nyumbani bali chini ya miguu yake, akimsihi kwa jina lake la utotoni asimnyang'anye mwanawe, akilia kama alivyolia Kashuga mara zote mbili, naye Karangwa akauma midomo mpaka damu ikatoka, akavuta. Chuma kikang'oka. Taa ikazimika. Mama Léontine akaurudisha mche shimoni, akaukandamiza kwa kisigino.

"Mama wa hapa chini amelala," alisema.

Ndani, Athanasie aliita, safari hii kutoka kitandani. "Papa, kuja. Anacheza."

Karangwa aliweka kiganja. Teke likaja, la nguvu. Alipiga magoti akashukuru, akicheka na kulia kwa pamoja. Mama Léontine alibaki mlangoni na taa yake.

Ndipo waliposikia mbawa. Kumbikumbi walikuwa wanaingia kutoka uani, chini ya mlango na dirishani. Waliipita taa iliyo mkononi mwa mkunga kana kwamba haikuwaka. Wakatua juu ya tumbo la Athanasie, wakalifunika, wakipandana.

Mama Léontine aliipuliza taa yake, ikazimika. Chumba hakikuingia giza: chini ya mbawa tumbo liliwaka, jeupe na safi kama ile taa ya nguzoni.